Chumba Kimoja Masaki

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ikiwa neno hili ni la kweli, basi hapana bidhaa katika jiji la Dar es Salaam ipasayo kushukiwa siku hizi kuliko nyumba ya chumba kimoja katika mitaa ya wenye nacho, kwa sababu hapana ijitembezayo kuliko hiyo. Madalali huitangaza asubuhi na jioni. Picha zake hupambwa kwa taa na maua. Na jina lake, studio, hutamkwa kwa ulimi laini kana kwamba ni cheo. Bidhaa yenyewe ni hii: chumba kimoja katika ghorofa ndefu huko Masaki, Oysterbay au Upanga, ndani yake kitanda, meza, kiti na jiko, vyote vikitazamana, mlango mmoja wa choo na bafu, na roshani ambayo watu wawili hawawezi kusimama pasipo mmoja kumwomba mwenziwe radhi. Bei yake ni bei ya nyumba kamili. Insha hii yabisha kwamba kitu hicho si nyumba, kwamba kuuzwa kwake kwa jina la nyumba ni udanganyifu wa adabu, na kwamba jiji likiendelea kukijenga mahali pa nyumba litajuta.

Haki yataka sifa za kweli zitajwe kwanza. Chumba hicho kina maji ndani, umeme wa akiba, lifti, mlinzi langoni, na mara nyingine bwawa la kuogelea. Mtu aliyekaa miaka kumi katika chumba cha kupanga Manzese au Tandale, akingoja zamu ya choo kila alfajiri, hawezi kuyadharau mambo haya. Wala hapana mwenye akili awezaye kumlaumu akiyatamani. Usafi si anasa, na choo cha ndani si kiburi. Lakini mnunuzi hauziwi maji na choo tu. Huuziwa neno "makao", na neno hilo lina uzito wake ambao muuzaji hakuupima.

Nyumba ya Kiswahili katika jiji hili, yenye vyumba vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, nayo hupangishwa chumba kimoja kimoja. Kwa hiyo mtetezi wa studio aweza kusema: watu wa mji huu wamezoea chumba kimoja tangu zamani, kipya ni nini? Jibu ni kwamba mpangaji wa Manzese hulipa kodi ya chumba kimoja, lakini haishi katika chumba kimoja. Mbele ana baraza, nyuma ana ua. Uani hupikwa, hufuliwa, husukwa nywele na huogeshwa watoto. Barazani hupokewa mgeni, husuluhishwa ugomvi na hutandikwa mkeka wa msiba. Chumba ni mahali pa kulala. Nyumba ni hayo yote kwa pamoja. Tena mpangaji huyo hana mapenzi ya kukaa hapo daima. Anaweka akiba ya tofali na mabati, na moyo wake uko kwenye kiwanja kidogo Chanika au Kivule. Chumba kwake ni daraja, na mtu hajengi makao juu ya daraja. Studio ya Masaki imekitwaa chumba ikaitupa nyumba, kisha ikaliuza daraja kwa bei ya ng'ambo.

Wenye kuisifu wasema hayo ni mambo ya kale, na kwamba mtu wa sasa apenda faragha. Na apende. Faragha ni haki ya kila mtu, na si wachache waliodhulumiwa na macho ya majirani. Walakini faragha ni kuweza kufunga mlango na kuufungua pia. Mama mzazi akiletwa kutoka Songea au Bukoba kutibiwa Muhimbili, atalala wapi katika chumba hicho? Mwenye nyumba akioa, akipata mtoto, mtoto akilia usiku, nani atapumzika? Akiugua yeye mwenyewe, muuguzi wake ataketi wapi? Matangazo hayana neno juu ya siku hizo. Yanamsawiri mtu asiye na mzazi wala ndugu, asiyeugua wala kuzeeka, ambaye haja yake kubwa duniani ni kutazama bahari akinywa kahawa. Mtu wa namna hiyo hayuko. Na kama yuko, yuko kwa muda tu. Wahenga walimwambia mtu nyumba njema si mlango, afungue aingie ndani. Katika studio, aliyefungua mlango amekwisha kuona nyumba nzima, na kilichokosekana kimeonekana papo hapo.

Tena chumba kimoja kina historia katika jiji hili, na asili yake si ya heshima. Wakati wa utawala wa Waingereza mji uligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oyster Bay ilijengwa tangu miaka ya 1930 iwe makao ya Wazungu: nyumba moja katika kiwanja kipana, bustani mbele, na nyuma vyumba vidogo vya watumishi. Katika vyumba vile walilala mpishi na boi, aghalabu bila wake zao na watoto wao. Fikira ya mtawala ilikuwa nyepesi: Mwafrika mjini ni mpita njia; kwao ni shamba; mshahara wake na utoshe kulisha tumbo moja, na chumba chake kitoshe kulaza mwili mmoja. Mke, wazee na watoto waliachwa kuwa mzigo wa kijiji. Kwa hila hiyo mwajiri alipata nguvu ya mtu bila kulipa gharama ya kumzaa, kumlea wala kumzika. Leo katika viwanja vya namna ileile bungalow moja hubomolewa, ghorofa huinuliwa, na chumba cha boi kilichokuwa nyuma ya nyumba kimepandishwa hewani, kikatiwa vioo, kikapewa jina jipya. Tofauti iliyopo ni ndogo. Boi alikaa humo kwa kuajiriwa. Mrithi wake akaa humo kwa kukopa.

Taifa hili liliwahi kuliona jambo hili kwa macho makavu. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi imilikiwe moja kwa moja na watu binafsi, Julius Nyerere aliandika makala iliyoitwa Mali ya Taifa, akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi ya watu maskini, ardhi ikifanywa bidhaa ya soko, itakwenda kwa wachache wenye fedha, na walio wengi watabaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1962 Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa. Mwaka 1963 umilikaji ule wa moja kwa moja ukafutwa. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakatwaliwa na dola, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Yaweza kubishaniwa haki na hasara za hatua hizo, hasa hiyo ya 1971, iliyowaumiza watu wengi waliojenga kwa jasho lao. Hata hivyo kila mojawapo iliuliza swali la maana: mji ni wa nani? Studio inalijibu swali hilo pasipo kuulizwa. Mji, yasema, ni wa mwenye bei.

Bei hiyo na ipimwe. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025. Achukuliwe mtumishi huyo, asile, asivae, asisomeshe mtoto, asipande daladala, na aweke kila senti kununua chumba chenye mita za mraba 30 kinachouzwa, kwa mfano, shilingi milioni 150. Itampasa afanye kazi miezi 300, yaani miaka 25. Kila mita moja ya mraba, mahali pa kuweka kiti kimoja, itakuwa imemeza mishahara ya miezi 10. Akiambiwa akope kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake yafika shilingi milioni 22 na laki tano, ilhali mshahara wake wote wa mwaka ni milioni sita. Basi hapana haja ya kuuliza kama chumba hiki kilijengwa kwa ajili yake. Mwalimu, muuguzi na karani si wateja waliosahauliwa. Ni watu ambao hesabu iliwatoa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Na kwa miaka mingi bei za vyumba hivi zilitajwa kwa dola za Marekani, katika nchi yenye fedha yake, mpaka kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kanuni hiyo ni njema. Lakini mwenye kuigeuza dola kuwa shilingi amegeuza hati tu; hakuigeuza nia.

Hapo mtetezi wa studio huiacha hoja ya makao na kuikimbilia hoja nyingine. Husema: hiki si cha kukaa, ni kitega uchumi. Maneno hayo yangefaa kuandikwa kwa herufi kubwa langoni, maana ni ungamo kamili. Aliyeanza kwa kuuza nyumba amekiri kwamba anauza fedha iliyovaa sura ya nyumba. Mnunuzi wa kwanza anunua ili ampangishe au amwuzie wa pili. Wa pili anunua kwa tamaa ya wa tatu. Na mwisho wa mnyororo chumba kimefungwa, kitanda kimetandikwa, taa imezimwa, hapana alalaye, isipokuwa mgeni wa siku tatu ambaye hajui jina la jirani wala hana sababu ya kulijua. Jiji la watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, lina maelfu wanaolala wanne na watano katika chumba kimoja, na katika jiji hilohilo simenti, nondo, maji na umeme vyatumika kutunza vyumba visivyolalwa. Ikiwa hilo si ubadhirifu, neno hilo na lifutwe katika kamusi.

Mnunuzi naye yampasa ajihurumie. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na ila za nyumba hii si za ukuta tu. Ardhi ya Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni ya umma, nayo iko mikononi mwa Rais kama mdhamini wa raia wote. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda ambao hauzidi miaka 99. Sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za jengo yamruhusu mtu kuwa na hati ya chumba chake, pamoja na fungu lake katika vitu vya wote: ngazi, paa, lifti, lango na uwanja. Maana yake ni kwamba aliyenunua mita 30 amenunua pia deni la daima. Lifti ikiharibika, atalipa. Jenereta ikila mafuta, atalipa. Bwawa asiloogelea likisafishwa, atalipa. Ikiwa jengo limeuzwa kabla ya hati za sehemu kutoka, mnunuzi ameshika karatasi ya ahadi, wala hajashika mali. Ikiwa muda wa haki ya ardhi umebaki mchache, amenunua kipande cha kalenda. Haya hayamo katika tangazo lenye picha ya machweo, na dalali aliyekwisha kupokea ujira wake hana wajibu wa kurudi kuyaeleza.

Iko hoja moja ya upande wa pili iliyo na nguvu, na si haki kuipita kimya. Wako wasemao kwamba jiji hili limetawanyika mno. Kwamba kila familia ikidai nyumba na ua, mji utafika Morogoro. Kwamba kujenga kwenda juu kwaokoa ardhi, barabara na mabomba. Na kwamba vijana, wajane na wanawake wasiopenda kuulizwa walikotoka na watakapoolewa wanahitaji mlango wao wenyewe, hata ukiwa mdogo. Yote hayo ni kweli. Binti anayefanya kazi usiku hospitalini na kutaka kulala mchana bila kusengenywa hastahili kuhubiriwa habari za baraza. Baraza lile liliwafariji wengi, na liliwatesa wengine. Kwa hiyo udogo wa chumba si kosa.

Lakini hoja hiyo njema imeazimwa na mtu asiyestahili kuivaa. Udogo ungekuwa na maana kama ungekuwa njia ya kuwagawia wengi mahali pazuri penye nafasi chache. Kama Masaki ingejengwa vyumba vidogo ili muuguzi, fundi umeme na mwalimu wa shule ya jirani wapate kukaa karibu na kazi zao, hapana ambaye angepaza sauti. Mambo yalivyo ni kinyume. Mlinzi afunguaye lango la ghorofa hutoka Mbagala, mfagiaji wa ngazi zake hutoka Gongo la Mboto, na wote wawili huamka saa kumi ya usiku kuwahi daladala. Udogo haukupunguza bei kwa ajili yao. Ulizidisha faida kwa ajili ya mwenye jengo, kwa sababu ghorofa moja iliyokatwa vipande vingi huuzwa kwa jumla kubwa kuliko ghorofa ileile ikiwa nyumba chache za familia. Wala mji haukuacha kutawanyika. Waliofukuzwa na bei ndio haohao wanaojenga Chanika na Kivule. Hoja ya kuokoa ardhi imesimamishwa mlangoni kama mlinzi wa kukodi, ailinde nyumba ambayo haruhusiwi kuingia.

Nani basi alaumiwe? Mwenye fedha atafuta faida, na hilo ni tabia yake. Dalali hutafuta ujira, na hana kosa kubwa zaidi ya ulimi. Lawama iliyo nzito ni ya wenye mamlaka ya kutoa vibali, maana wao wameshika dhamana ya ardhi ya watu wote, na mdhamini hawi mtazamaji. Ardhi ya umma ikiinuliwa ghorofa kwa kibali cha umma, umma una haki ya kuuliza sehemu yake. Na kibali kisitolewe kwa jengo la vyumba vitupu vya mtu mmoja. Kila jengo kubwa liwe na nyumba za familia, na fungu la vyumba ambavyo mfanya kazi wa kawaida aweza kuvilipia kodi. Pasiuzwe chumba chochote kabla ya hati yake kuwa tayari. Gharama za mwaka za kulitunza jengo ziandikwe katika tangazo karibu na bei, kwa hati ya ukubwa uleule, pamoja na idadi ya miaka iliyobaki ya haki ya ardhi. Na chumba kinachofungwa mwaka mzima bila mkaaji kitozwe kodi iliyo nzito kuliko kinachokaliwa, ili mwenye kuigeuza nyumba kuwa sanduku la fedha alipe ada ya sanduku.

Atakayesema hayo hayawezekani aende Magomeni. Kota za zamani zilizosimama pale tangu ukoloni zilivunjwa, na wakazi wake wakangoja kwa uchungu na mashaka ya miaka mingi. Lakini mwezi Machi 2022 ghorofa mpya zikafunguliwa, na kaya 644 zilizokuwa na haki pale zikawekwa mbele ya watu wengine. Jambo lile lilikuwa na kasoro zake, na kungoja kule hakukuwa kwa haki. Walakini limethibitisha neno moja ambalo wauzaji wa Masaki hawapendi lithibitishwe: ghorofa katikati ya jiji yaweza kujengwa huku majina ya watu watakaolala ndani yakijulikana.

Hilo ndilo tofauti ya nyumba na bidhaa. Nyumba huanza kwa swali la nani atakaa. Bidhaa huanza kwa swali la nani atanunua. Jiji lililojiuliza swali la kwanza hukosea mara nyingi, lakini hukosea kwa kuwahesabu watu wake. Jiji linalojiuliza la pili peke yake litafaulu kuuza kila dirisha linalotazama bahari, na mwisho litakuwa na madirisha mengi yenye giza juu, na chini watu wengi wakisubiri daladala ya kwenda mbali. Chumba kimoja kinaweza kuwa mwanzo mwema wa maisha ya mtu. Lakini mwanzo usiuzwe kwa bei ya mwisho, wala mtu asifanywe atumie miaka 25 ya jasho kununua nafasi ya kuishi kana kwamba hakuzaliwa na mtu, na hatazikwa na watu.